Karavani ya Majivu

Iko nchi moja, na msiniulize iko upande gani, maana ramani yake ilipelekwa kwa dobi siku moja kabla ya sherehe za uhuru na dobi hajairudisha mpaka leo. Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho nchi hutakiwa kuwa nacho: wimbo, bendera, mvua za kubahatisha, na kiongozi aliyeitwa Mtukufu Dereva wa Taifa, ijapokuwa gari lake liliendeshwa na mtu mwingine.

Mawazo ya Mtukufu Dereva yalikuwa yakimjia asubuhi kabla ya chai, na chai ikiisha yamekwisha kuwa sheria. Asubuhi moja akawaza hivi: maendeleo yanapita nchini kila mwaka, lakini yanawakuta wananchi wamekaa palepale. Yakipita mashariki, wao wako magharibi. Kosa la nani? La nyumba. Nyumba zina misingi, misingi imezama ardhini, na kitu kilichozama ardhini hakiendelei, kinaota kutu. Kwa hiyo kila familia itapewa karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa kama tela, ili maendeleo yakihama, familia nayo ihame.

Chai ikaisha.

Habari ilifika kitongoji cha Kwekidogo kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, na watu wakaitwa uwanja wa mpira.

"Mtachagua wenyewe!" kilinguruma kipaza sauti. "Serikali sikivu haimpangii mtu mahali pa kulala! Baba alale wapi, mama apike wapi, bibi akoholee wapi, huo ni uamuzi wenu! Mpangilio ni haki ya raia!"

Aliyepiga makofi wa kwanza alikuwa Semkiwa, fundi wa kushona magodoro ya sufi. Semkiwa alikuwa na mikono myepesi. Alipiga makofi siku serikali ilipotangaza mto, akapiga tena siku ilipotangaza kwamba mto ule umeahirishwa. Siku hiyo alikuwa na sababu ya ziada, kwa kuwa aliyekuwa akinguruma pale juu alikuwa Hoza, ndugu yake.

Ndugu kivipi? Mama yake Hoza alifariki siku ya kumzaa, na Bi Kidawa, mama yake Semkiwa, aliyekuwa na mtoto mchanga wiki hiyohiyo, akamchukua yatima akamweka kifuani. Semkiwa akapewa ziwa la kulia, Hoza la kushoto. Wazee walioona wanasema Hoza ndiye aliyekuwa akimaliza mapema, kisha anageuza shingo kulitazama la mwenzake. Walikua pamoja katika nyumba ya Bi Kidawa, wakalala godoro moja, wakachapwa kwa ufito mmoja. Baadaye Hoza akasoma, akaenda mji mkuu, na sasa alikuwa amerudi na cheo: Ofisa Mwandamizi wa Mipangilio, mwenye gari na mtu wa kumfungulia mlango wa gari.

Mzee Ndaro, jirani mwenye tabia mbaya ya kuuliza, alinyoosha mkono. "Hiyo nyumba itavutwa na nini?"

"Swali zuri," alijibu Hoza. "Ni zuri mno kwa ngazi ya kitongoji. Litajibiwa na Wizara ya Uvutaji, mara itakapoundwa."

Semkiwa akapiga makofi. Kisha ukafunuliwa mfano wa karavani, wa boksi, mkubwa kiasi cha katoni ya sabuni, ukilindwa na askari wenye bunduki. Watu walipanga foleni kuchungulia kwa jicho moja. Aliyetaka kuchungulia kwa macho mawili aliambiwa asiwe mchoyo.

Jioni ile Hoza alikwenda kula kwao.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu mwanangu, pita ndani."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba baba. Umekonda."

Hakuwa amekonda. Mkanda wa suruali yake ulikuwa umefika tundu la mwisho na bado ulikuwa ukiomba msaada. Lakini macho ya mama yana mizani yake. Bi Kidawa akamwekea kitoweo cha watu wawili, na Hoza akala kwa adabu mpaka sahani ikang'aa. Ndipo akatandaza mkekani picha za mipangilio. Kila picha ilikuwa na familia inayocheka, na mbwa wa familia hiyo alikuwa na kiti chake.

"Huyu mbwa anakaa vizuri kuliko mimi," alisema Saumu, mke wa Semkiwa.

"Shemeji, tazama mpangilio, usitazame mbwa," alisema Hoza. "Huu unaitwa Umoja. Kitanda kimoja, ukuta hadi ukuta."

"Wote?"

"Wote."

"Kama dagaa?"

"Kama taifa, shemeji." Akaweka picha ya pili. "Huu ni Mshikamano. Vitanda vya kupandiana. Mzazi mzee juu, mwana na mkewe chini."

Bi Kidawa akajishika kichwa. "Astaghafiru! Mimi nilale juu ya mwanangu na mkewe? Nisikilize nini huko?"

"Na mimi nitageukaje," alidakia Saumu, "mama mkwe akining'inia juu yangu kama popo?"

"Popo mimi?"

"Nimesema *kama*, mama."

Chiku, binti yao mkubwa, akainama chini ya kanga acheke. Semkiwa akakohoa kikohozi cha mwenye nyumba, akauliza kuhusu picha ya tatu. Ule uliitwa Ustawi. Jiko lilikuwa katikati, choo nyuma ya jiko, na baina yao pazia lenye maua. Mtu aliyekaa chooni angeweza kukoroga ugali bila kuinuka.

"Tunauita ufanisi," alisema Hoza.

"Sisi tunauita kinyaa," alisema Saumu.

Basi wakabishana. Saumu alitaka jiko karibu na mlango, moshi utoke. Bi Kidawa alitaka kitanda chake kielekee kibla na kiwe mbali na wanandoa kwa heshima. Chiku alitaka pazia. Mgaza, mtoto wao mdogo, alitaka kiti cha mbwa. Hoza alieleza kwamba serikali inaruhusu marekebisho madogo, ilimradi yasiguse ukubwa, umbo, wala kitu chochote kilichomo ndani, na Semkiwa akamshukuru kwa uhuru huo.

"Na kitanda cha Hoza kiko wapi?" aliuliza Bi Kidawa.

Saumu akazipekua picha upya.

"Mama," alisema Semkiwa, "Hoza ana kwake mjini."

"Mtu kwao ni kwa mama yake. Siku akifukuzwa huko, atalala wapi? Nyumba yangu haijawahi kukosa kitanda cha Hoza, iwe ya udongo iwe ya matairi."

Semkiwa akafikiri. Nafasi pekee iliyobaki ilikuwa ile ya katikati aliyoitenga kwa kazi yake, ya kuweka sufi na sindano zake. Akasema, "Basi, kiwe pale pangu. Mimi nitashonea nje." Hoza akatazama chini kwa unyenyekevu, akasema haikuwa lazima. Hakusema hapana.

Na ni yeye aliyetoa ushauri, akiwa anachokonoa meno.

"Mama, mnabishana vya nini? Kwa nini msilalie majivu?"

Hapo uso wa Bi Kidawa ukachanua. Hii ilikuwa mila ya Kwekidogo, na haikujulikana popote pengine duniani. Mtu akitaka kujenga nyumba, kwanza huichora uani kwa majivu ya jikoni: kuta, vyumba, milango. Kisha familia inahamia ndani ya michoro hiyo, inapika humo na kulala humo, mpaka ijulikane nani atamkanyaga nani. Ukuta wa majivu ni ukuta. Wewe huuruki. Unazunguka hadi mlangoni, unabisha hodi, na ukibisha mara tatu bila kujibiwa, unarudi ulikotoka, hata kama unayaona meno ya mwenye nyumba. Wazee husema, asiyelalia majivu atalaliwa na ukuta.

"Kumbe hukusahau, mwanangu," alisema Bi Kidawa.

"Nisahau, Mama? Na zoezi liwe la kweli. Toeni vyombo vyote. Vitanda, masufuria, kila kitu. Kisha mfunge nyumba." Akanyoosha kiganja. "Kaka, nipe ufunguo. Manyunyu mawili tu yatakushawishi urudi ndani, mpangilio uharibike."

Semkiwa akafungua kamba shingoni.

"Ufunguo wa nyumba yangu unakwenda wapi?" aliuliza Saumu.

"Kwa ndugu yangu."

"Ndugu yako ana nyumba yake mjini. Ufunguo wetu utafungua nini huko?"

"Wewe mwanamke una dhana mbaya," alisema Semkiwa. "Tumenyonya ziwa moja."

"Mlinyonya mawili," alisema Saumu. "Kila mtu na lake."

Kesho yake karavani ikachorwa uani: ndefu, nyembamba, yenye magurudumu manne ya majivu yaliyochorwa na Mgaza, kila moja na ukubwa wake. Vyombo vikatoka, hata picha ya marehemu baba ikatoka, ikaegemezwa kwenye ukuta usiokuwepo na kuanguka kila upepo ulipopita. Maisha ya safari yakaanza.

Mwanzo yalikuwa magumu. Chiku alipitisha mguu juu ya ukuta wa bibi yake akaambiwa atoke, abishe hodi, aingie upya. Semkiwa alikwenda msalani katikati ya mlo, na kwa kuwa choo cha karavani kilikuwa mstari tu, akavuka pazia la maua lisilokuwepo, akakohoa kwa ajili ya adabu, kisha akakimbia hadi choo cha shimo cha zamani akijiambia kwamba bado yumo ndani ya gari. Saumu alihamisha jiko mara mbili. Siku moja Mzee Ndaro alikuja kuomba kaa la moto, akabisha mlangoni, na Saumu, aliyekuwa na samaki wachache wa kukaanga na hakutaka mgeni, akaendelea kuwageuza mbele ya macho yake bila kuitika. Mzee Ndaro akabisha mara ya pili, mate yakimtoka. Akabisha ya tatu. Kisha akageuka, akaenda zake akinung'unika kwamba kwa Semkiwa hakuna mtu. Mila ni mila.

Lakini baada ya muda, mambo yakatulia kwa namna ya ajabu. Walijua sasa nani alale wapi. Kitanda cha Bi Kidawa kilielekea kibla, cha wanandoa kikawa upande wa pili kabisa, na katikati, mahali pazuri penye hewa, kulikuwa na kitanda cha Hoza, cha mistari minne ya majivu, kimetandikwa shuka, kitupu. Semkiwa alikaa nje ya mistari akishona magodoro juani, akiwa na raha moyoni. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa imemuuliza kitu, na ilikuwa imemuuliza kwa lugha ya kwao.

Raha ikamzidi. Akapita nyumba kwa nyumba. "Lalieni majivu! Mkiwa tayari mapema mtapewa mapema. Ndugu yangu ameniambia. Ufunguo mpeni tu, ni mtu wetu." Watu walimheshimu Semkiwa, hakuwahi kumdhulumu mtu hata nyuzi za godoro. Wakatoa vyombo, wakachora, wakatoa funguo. Hata Mzee Ndaro, baada ya kuuliza sana, alichora karavani yake na kuiwekea baraza.

Hoza alikuwa na funguo nyingi hata mfuko wa koti lake ukawa unalia kama njuga akitembea.

Ndipo akaja Waziri wa Mwendo, na msafara wa magari, na bendi ya tarumbeta ambayo nusu yake ilikuwa imechelewa. Waziri akashuka, akatembea moja kwa moja hadi uani kwa Semkiwa. Akapita juu ya ukuta wa jikoni, akakanyaga kitanda cha Bi Kidawa, akasimama katikati ya chumba cha wanandoa, viatu vyake vikiwa vyeupe kwa majivu. Familia nzima ikainamisha vichwa kwa fedheha, kama vile amewakuta wanaoga. Waziri hakuona kitu. Akashika kipaza sauti.

"Wananchi! Wataalamu waliniambia karavani ina sehemu mbili, mpangilio na bati. Nimekuwa nikikosa usingizi juu ya bati. Bati litoke wapi? Leo ninyi, watu wa Kwekidogo, mmenipa usingizi! Mmeishi ndani ya mpangilio mtupu. Mmepika, mmelala, mmefurahi. Mmeithibitishia dunia kwamba bati ni anasa! Natangaza hapa: mradi wa karavani umekamilika!"

Mikono ya Semkiwa ilikuwa imekwisha kupiga makofi kabla masikio yake hayajafika. Alipiga peke yake, mara chache, kisha makofi yakamfia viganjani.

"Kuhusu yale majengo ya nyuma," aliendelea Waziri, "Sheria ya Majengo Yaliyosusiwa iko wazi. Nyumba ambayo mwenyewe amelala nje yake kwa hiari, ametoa vyombo vyake kwa hiari, na ufunguo amemkabidhi mtumishi wa umma kwa hiari, hiyo ni gofu. Na gofu ni mali ya taifa. Wapo watakaosema serikali imewafukuza watu. Uongo! Serikali haikumtoa mtu ndani. Imewakuta nje."

Bendi ikapiga. Kila familia ikapewa gurudumu moja, lililoitwa gurudumu la kuanzia. La Semkiwa lilikuwa la toroli.

Watu hawakumtazama Waziri. Walimtazama Semkiwa. Mzee Ndaro akasogea na gurudumu lake kwapani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuuliza swali.

"Ulisema ni mtu wetu," alisema, akaondoka.

Semkiwa akamfuata Hoza hadi kwenye gari. Alikuwa bado ameshika gurudumu.

"Hoza. Huko mji mkuu, nani anajua kulalia majivu?"

"Kaka, mambo haya yanafanyiwa utafiti."

"Mlimtafiti nani?"

Hoza akatazama viatu vyake. Vyake havikuwa na majivu. Alikuwa amepita mlangoni.

"Niliulizwa kama kwetu kuna desturi yoyote inayoweza kusaidia," alisema. "Bati halikuwepo, kaka. Halikuwepo tangu siku ya kwanza. Nisingesema mimi, wangeleta tingatinga. Mimi nimewaokoa na tingatinga."

"Na nyumba ya Mama?"

"Hiyo ndiyo niliyoipigania kwa nguvu zangu zote!" Uso wa Hoza ukang'aa kama sahani ya jioni ile. "Walitaka kumpa mtu wa mbali. Nikasema hapana, nipeni mimi. Ni makazi ya Ofisa sasa. Si bora imebaki ndani ya familia? Na ninyi ua mmeachiwa, wengine hata ua hawana. Nimekupigania, kaka, usiniangalie hivyo."

Semkiwa alitafuta neno. Alikuwa na maneno mengi ya kuisifu serikali, aliyoyakusanya kwa miaka, na sasa alipekua humo akakuta hakuna hata moja la kumwambia ndugu yake. Akageuka. Akazunguka ukuta wa majivu hadi mlangoni, akabisha hodi kwake mwenyewe.

"Karibu," alisema Saumu. Hakusema kitu kingine, na Semkiwa angependa kama angesema.

Bi Kidawa alikuwa ameketi kitandani pake, penye alama ya kiatu cha Waziri. Alikuwa amesikia yote. Akainuka taratibu, akachukua ufagio, akakifikia kile kitanda cha katikati penye hewa nzuri. Akakunja shuka, akampa Chiku. Kisha akafagia mistari yake yote minne mpaka pakabaki udongo.

"Semkiwa," alisema, "leta sufi yako. Hapa ni mahali pa kazi."

Akaomba majivu mapya, akaanza kuziba mahali Waziri alipokanyaga. Aliuweka ukuta mnene kuliko hata ule wa mwanzo, akinyunyiza kwa vidole kama mtu anayetia chumvi mchuzi wa wageni.

Jua lilikuwa linashuka Hoza alipofungua nyumba kwa ufunguo wake. Alizunguka vyumbani. Havikuwa na kitu. Vyombo vyote vilikuwa nje, zoezi lilikuwa la kweli. Hapakuwa na kitanda, wala sufuria, wala mtu wa kumwambia amekonda. Uani Saumu alikuwa anaunga mboga kwa nazi, na harufu ikaingia dirishani bila hodi.

Akatoka. Akashuka ngazi, akatembea hatua chache hadi kwenye mstari wa majivu. Angeweza kuuvuka kama mtu anavyovuka kamba ya mbuzi. Waziri alikuwa ameuvuka mchana kweupe bila hata kujua. Hoza akasimama. Kisha akazunguka hadi mlangoni, akasimama penye nafasi kati ya mistari miwili.

"Hodi," alisema.

Walikuwa wameketi mbele yake, wote watano, karibu kiasi cha kupokezana chumvi. Saumu alipakua. Chiku alimpa bibi yake maji ya kunawa. Semkiwa alitazama picha ya baba yake iliyoanguka, akaisimamisha.

"Hodi wenyewe."

Mgaza alifungua mdomo. Mama yake akautia tonge.

Hoza akavua kofia ya cheo, akaishika kwa mikono miwili. Sauti yake ya tatu haikuwa ile ya kipaza sauti. Ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani.

"Hodi, Mama."

Mkono wa Bi Kidawa ulipanda kifuani upande wa kushoto, ukakaa hapo. Midomo yake ilitikisika, na Semkiwa, aliyekuwa akimtazama, alijua ni neno gani lililokuwa nyuma ya meno, kwa maana alilisikia tangu utotoni, nalo halikuwahi kunyimwa mtu yeyote aliyesimama kwenye mlango wa mama yake. Akangoja. Sahani zikapoa kidogo.

Neno halikutoka.

Hoza, kwa kuwa alilelewa vizuri, aligeuka akarudi alikotoka, mfuko wake ukilia kama njuga.

"Nani alikuwa anabisha?" aliuliza Mgaza, tonge likiwa bado shavuni.

"Kula," alisema Bi Kidawa. "Sisi hatupo."